JASHO LISILOANDIKWA DAFTARINI
Historia fupi ya kazi ya mwanamke wa Buha



Miaka kumi si haba. Ukifungua daftari la kikundi chetu utakuta kila kitu kimeandikwa: hisa, mikopo, marejesho, faini ya kuchelewa, hata faini ya simu kulia kikaoni. Lakini kuna kazi moja haimo. Ni ile ya kuchota maji, kutafuta kuni, kupika, kulea na kuuguza. Bila kazi hiyo hakuna hisa itakayonunuliwa, maana mgonjwa akilala nyumbani, shamba nalo linalala. Basi katika kijitabu hiki cha sherehe tuitazame historia yake, ili tujue tulikotoka na tupange tunakokwenda.

Enzi za manamba

Wazee wetu wa Muyama na Kasulu nzima, hadi Kibondo, wanalikumbuka neno manamba. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Baadaye serikali ya Waingereza ikadai kodi kwa fedha taslimu, na huku kwetu fedha zilikuwa adimu. Wanaume wa Kiha wakapanda gari moshi kwenda kukata mkonge, hasa Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kama SILABU, na mkoa wetu ukawa mojawapo ya maghala ya kuchotea watu.

Aliyeondoka aliandikwa namba na kulipwa ujira. Je, aliyebaki? Aliyebaki alilima maharage, mahindi na muhogo, akalea watoto, akawatunza wakwe, na mume akirudi mgonjwa akamuuguza. Yeye hakupewa namba wala ujira. Kwa hiyo mkonge ulikuwa rahisi kwa mwenye shamba kwa sababu gharama ya kumlea kibarua, kumponya na kumtunza uzeeni iliachwa huku Buha, mgongoni mwa mkewe na mama yake.

Isisemwe kwamba mwanamke wa Buha hakuwahi kuongoza. Katika miaka ya 1950 Mwami wa Heru, hapa hapa Kasulu, alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Lakini kiti cha mmoja hakikupunguza mzigo wa kuni wa wengine.

Azimio na vijiji

Baada ya Uhuru, UWT iliundwa mwaka 1962 kuwaunganisha wanawake. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Humo Mwalimu Nyerere na chama cha TANU walisema wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kupita wengine wote, pengine saa 12 au 14 kwa siku, wakati wanaume wengi wa vijijini ni kama wako likizo. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, nayo yaliwachoma wengi.

Kisha ikaja Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, watu wakahamishiwa vijijini. Shule na zahanati vilisogea, na hilo lilikuwa jema kwa mama mwenye mtoto mgonjwa. Lakini kwa wengi shamba lilibaki mbali, na kiwanja kikaandikwa kwa jina la mkuu wa kaya, yaani baba. Jembe lilibaki kwa mama.

Mahakama yatamka

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilisema kwamba ndoa ikivunjika, mahakama inaweza kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Swali likawa: je, kupika na kulea ni juhudi? Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilijibu kwamba ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu siku ile, kwa kuwa mahakama iliona mumewe alikwisha mpa fedha za mtaji naye akazitapanya. Hata hivyo, mlango alioufungua umepitiwa na wanawake wengi baada yake.

Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikafuata. Ilibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi, ikataka pia baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, na wanawake wasipungue 3. Akina mama, hizo nafasi tatu ni zetu kisheria, tusizionee haya.

Gharama zarudi nyumbani

Miaka ya 1980 uchumi ulikuwa mbaya. Serikali ikakubaliana na IMF mwaka 1986, na kuanzia 1993 ikaja sera ya kuchangia gharama hospitalini. Wakubwa waliona wamepunguza matumizi. Kumbe kazi haikupungua, ilihama tu! Mgonjwa asiye na fedha alirudishwa nyumbani, akauguzwa na mama, dada au binti aliyeachishwa shule. Ukimwi ukaongeza mzigo huo. Na miaka hiyo hiyo, kuanzia Oktoba 1993, wakimbizi wa Burundi waliingia kwa wingi Kibondo na Kasulu, na mwaka 1996 wa Kongo wakafunguliwa kambi ya Nyarugusu. Tuliwapokea kama ndugu, ila msitu una kiasi chake, na anayekwenda mbali zaidi kutafuta kuni ni mwanamke, mwenyeji au mkimbizi.

Sheria ya Ajira ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na baba siku 3. Ni haki nzuri, lakini mkulima wa Muyama hana mwajiri. Siku zake 84 zitatoka wapi?

Ndipo vikundi vikazaliwa

Zinatoka kwetu wenyewe. Upatu ni wa zamani. Utaratibu wa hisa na sanduku la kufuli tatu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, ukafika kwetu ukiwa na majina mengi, VICOBA likiwemo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imetutambua kama daraja la nne, na mwaka huo huo halmashauri zilitakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kati ya hizo zikiwa za wanawake.

Lakini jamani, mkopo hauchoti maji. Mama akipewa mtaji wa tangawizi huku kazi za nyumbani zikibaki zote kwake, tumemwongezea zamu ya pili. Mfuko wetu wa jamii ndio umekuwa likizo yetu ya uzazi na bima yetu ya ugonjwa, japo ni mdogo.

Tunakokwenda

Kabla ya mgao ujao, tujadili mambo matatu. Kwanza, mwanachama anayeuguza au aliyejifungua asitozwe faini ya kutohudhuria. Kumtoza aliyekesha na mgonjwa ni kurudia hesabu ya mwenye mkonge. Wapo wenzetu wanaohofia kwamba wavivu watajificha humo, na hofu hiyo si ya bure. Basi mwenyekiti atume wawili wakamwone, maana kumjulia hali mgonjwa ni desturi yetu tangu zamani. Pili, mfuko wa jamii umlipe kibarua wa kumpalilia shamba mama aliyejifungua, walau wiki mbili. Tatu, daftari liongezwe safu moja ya kuandika nani ameuguza na kwa siku ngapi, ili tukienda halmashauri kuomba maji na zahanati tuwe na hesabu mkononi.

Haba na haba hujaza kibaba. Sanduku tumelijaza kwa miaka kumi. Miaka kumi ijayo tuhesabu na jasho.