Intamba: ndege, mechi za mchujo na ubishi wa ligala letu

Timu ya taifa ya Burundi inaitwa Intamba mu Rugamba. Kwa Kirundi intamba ni mbayuwayu, yule ndege mdogo mwenye mkia wa mkasi anayejenga kwa udongo chini ya mabati. Rugamba ni mapigano. Yaani mbayuwayu walio vitani. Na ukilisema haraka, intamba linakaribia sana intambara, ambayo ndo vita yenyewe. Watoto wa Kikongo tunaokaa nao hapa Bwiza, ambao Kirundi chao wamekiokota sokoni, wanachanganya hayo maneno mawili kila siku na hakuna anayewasahihisha.

Kuna ligala moja hapa kartie ambapo jina hilo limeleta ubishi miaka mingi. Sitataja avenyu, wenyewe watajijua. Upande mmoja wako watu wa mpira, ambao ni wengi na wana sauti. Upande wa pili wako watu wa ndege: mzee mmoja mvuvi wa zamani kutoka Uvira, na vijana watatu aliowaambukiza ugonjwa wake. Jumapili asubuhi wanapanda baiskeli hadi kule mto Rusizi unapoingia ziwani, wana darubini moja ya kushirikiana na daftari lenye jalada la kijani. Wakirudi wanakuta wenzao wanasubiri matokeo ya Ulaya, na vita inaanza.

"Mzee, hao ndege wako wamechukua kombe gani?"

"Na hao wako wamevuka jangwa la Sahara mara ngapi kwa mabawa yao?"

Watu wanacheka. Lakini mimi nafanya kazi na vijana, na nimekaa pale siku nyingi nikisikiliza, nikaona kwamba ndani ya mzaha huu kuna historia ambayo hatufundishwi popote.

Tuanze na ndege, maana bila yeye mengine hayaeleweki. Mzee anasema watu wa Bujumbura wanasema "mbayuwayu" kana kwamba ni mmoja. Si mmoja. Yuko wa kuja na yuko wa kukaa. Wa kuja ana koo jekundu, chini yake mkanda mweusi, tumbo jeupe. Anaanguliwa Ulaya, anafika kwetu kuelekea mwezi wa kumi, na mwezi wa tatu au wa nne anarudi. Wa kukaa anafanana naye sana, ila tumbo lake ni la kijivu na mkanda wake ni mwembamba, umekatika katikati. Huyo haendi popote, anazaa hapahapa, chini ya madaraja na kwenye kona za nyumba zetu, akibeba tope kidogokidogo mdomoni, mamia ya safari kwa kiota kimoja. Wote wawili wanakula wakiruka na kunywa maji wakiruka. Na wote wawili, mwewe akisogelea makinda yao, wanajikusanya na kumshambulia kichwani mpaka aondoke, ijapokuwa mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi tu. Mzee akifika hapo hupunguza sauti kidogo: "Hiyo ndiyo rugamba." Watu wa mpira hawana jibu, wanabadilisha mada.

Kuna pia yule mweusi mwenye mabawa kama mundu, ambaye kila mtu anamwita mbayuwayu na siye. Dawa ya kumtambua ni rahisi: mbayuwayu anatua kwenye waya wa umeme, yule hatui kabisa, miguu yake haiwezi kushika waya. Kijana mmoja wa mpira aliposikia hivyo alisema basi yule ndo mshambuliaji wetu, miaka yote yuko hewani tu.

Sasa mpira. Burundi ina historia ndefu ya kufika mlangoni. Mwaka 1992 Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika. Mechi ya kwanza hapa Bujumbura ilikuwa sare ya 1–1, na kule Abidjan, mbele ya Africa Sports, tukala 4–0. Halafu zikaja mbio za kutafuta nafasi ya Kombe la Afrika la 1994, lile la Tunisia. Burundi ikalingana na Guinea, ikabidi ichezwe mechi ya mchujo, ikafika penalti, Guinea ikapita. Wazee wa ligala bado wanabishana juu ya mechi hiyo kana kwamba ilichezwa juzi. Nani alipaswa kupiga, nani aliogopa. Hakuna hata mmoja wao aliyeiona kwa macho, waliisikia redioni.

Unatakiwa kujua mpira huo ulikuwa umezungukwa na nini. Oktoba 21, 1993, Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa mwezi wa sita mwaka huohuo, aliuawa, na nchi ikashika moto. Bwiza na Buyenzi, kartie za Waswahili, zilibaki zimechanganyika muda mrefu kuliko nyingine. Mwezi wa tatu 1995 zamu yao ikafika. Watu waliuawa humu ndani, na maelfu kwa maelfu wakashika barabara ya Uvira, Zaire ya wakati ule, wakiwa na magodoro kichwani. Mzee wetu wa ndege alikuwa upande wa pili, anawaona wanaingia. Anakumbuka kwamba ilikuwa majira yale ambapo mbayuwayu wa kuja wanajipanga kwenye waya kabla ya kuondoka. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Oktoba 1996, vita ikaifikia Uvira, na yeye ndiye aliyevuka kuja huku. Tangu hapo hajarudi kukaa.

Na mwezi wa nne wa 1995, majuma machache tu baada ya Bwiza kulia, vijana wa Burundi wa chini ya miaka 20 walikuwa Qatar kwenye Kombe la Dunia la umri wao. Walitoka sare na Chile, wakafungwa na Uhispania na Japani. Mimi hili nililisikia kwa mara ya kwanza pale ligalani na nilifikiri wananidanganya. Nikiwaambia vijana wa kituo chetu wananitazama hivyohivyo.

Waliobaki wa kizazi kile walitawanyika. Wa kumtaja kwanza ni Shabani Nonda. Alizaliwa Bujumbura mwaka 1977, wazazi wake Wakongo. Alichezea Vital'O, akapita Yanga kule Dar es Salaam, akaenda Afrika Kusini, Zürich, Rennes, kisha Monaco, ambako mwaka 2004 walifika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Njiani, kwenye nusu fainali, aliingia kutoka benchi akaifunga Chelsea. Timu ya taifa aliyoichezea ni Kongo. Hapo ligala linagawanyika katikati, na si tena mpira dhidi ya ndege. Warundi wanasema: tulimlea sisi, akala ndagala zetu, akaenda kufunga kwa wengine. Wakongo wanasema: damu ni damu. Mzee wa ndege anauliza swali moja tu, kama daktari: "Kiota kilikuwa wapi?"

Upande wa pili wa hesabu kuna Saido Berahino. Naye alizaliwa Bujumbura, mwezi wa nane 1993. Baba yake aliuawa vitani, na mtoto alifika Uingereza akiwa na miaka kumi, mkimbizi. Akalelewa na West Bromwich Albion, akachezea timu za vijana za Uingereza ngazi baada ya ngazi, mwaka 2014 akaitwa hata kwenye timu kubwa ingawa hakuingia uwanjani. Mwaka 2018 akageuka, akavaa jezi ya Burundi, na mechi yake ya kwanza akaifunga Gabon ugenini. Gaël Bigirimana naye ni wa njia hiyohiyo: mzaliwa wa Bujumbura, alifika Uingereza mwaka 2004, akaenda mwenyewe kuomba majaribio kwenye timu ya vijana ya Coventry, na baadaye akachezea Newcastle.

Ndipo ikafika Machi 23, 2019, uwanja wa Prince Louis Rwagasore, Burundi na Gabon. Sisi tulihitaji sare tu, Gabon walihitaji kushinda, na walikuwa na Aubameyang. Kipindi cha pili Cédric Amissi akafunga. Bwiza yote ililia kwa wakati mmoja, hata walioko jikoni. Halafu beki wetu akajifunga mwenyewe, 1–1, na dakika zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko barabara ya Gitega. Ikaisha hivyo. Kwa mara ya kwanza Burundi ikafuzu Kombe la Afrika. Usiku ule sikumsikia mtu akimuuliza mwenzake kabila wala karatasi. Hilo nililiona mwenyewe, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya.

Kombe lenyewe lilichezwa Misri, mwezi wa sita. Mzee wa ndege alipoisikia ratiba alitikisa kichwa. "Mwezi wa sita? Mbayuwayu wa kuja wote wako Ulaya, wanalea makinda. Afrika hawako. Mmepeleka majina matupu." Walimzomea vibaya sana. Kisha Nigeria ikatufunga 1–0, Madagaska 1–0, na ya mwisho, nani kama si Guinea, 2–0. Mechi tatu, bao hata moja hatukupata. Mzee hakusema neno, ila juma zima alikuwa anapita pale ligalani akitazama juu kwenye waya, akionyesha kwa kidole kwamba hakuna kitu.

Mwezi wa tisa mwaka uleule tukakutana na Tanzania kwenye mechi za mtoano za kutafuta Kombe la Dunia. Hapa 1–1, Dar 1–1, penalti, Tanzania 3–0. Sifuri! Hata moja haikuingia. Ndugu zetu Warundi walikuwa bado kwenye makambi ya Kigoma, Nyarugusu na Nduta, wanaisikiliza mechi hiyo katikati ya wenyeji wao. Fikiria kidogo, unaifurahia timu yako ikicheza na nchi iliyokupa hema.

Hapo ndo penyewe. Nina kijana mmoja kituoni, sitamtaja, miaka 16, mguu wake wa kushoto ni wa kulipia kiingilio. Alizaliwa Bwiza. Wazazi wake wametoka Fizi. Mwaka jana alikwenda majaribio, akawapita wenzake wote, kisha akaulizwa karatasi. Akatoa aliyo nayo, ya ukimbizi. Akaambiwa asubiri, na mpaka leo anasubiri. Kwa sheria ya uraia ya Burundi ya mwaka 2000 mtoto anafuata baba. Kuzaliwa hapa hakuhesabiki. Kongo anayoambiwa ni kwao hajawahi kuiona, isipokuwa milima yake ng'ambo ya ziwa jioni kukiwa hakuna mawingu.

Nilimpeleka ligalani nikidhani watamchangamsha. Walimgombania kama mali. Mrundi mmoja, fundi wa redio, akasema huyu ni wetu, aende akaongee na wakubwa. Mwingine akasema aende Kinshasa kama Nonda. Wakati hao wanapiga kelele, mzee akamvuta pembeni, akampa darubini na kumwonyesha kiota chini ya paa la duka. Akamwambia yule wa kuja, ambaye jina lake liko kwenye jezi, hazai hapa hata siku moja. Anayezaa hapa ni wa tumbo la kijivu, ambaye hakuna anayemtazama. Kijana aliangalia muda mrefu. Kisha akauliza, "Sasa Mzee, yule wa kuja nyumbani kwake ni wapi, pale anapozaa au pale anapokaa miezi sita?" Mzee akasema hilo yeye hulijibu tofauti kila mwaka.

Siku hizi neno nyumbani lenyewe limekuwa gumu hata kwa timu. Uwanja wa Rwagasore ulibadilishwa jina mwaka 2019 ukawa Intwari, na baadaye ukaonekana haufikii masharti ya shirikisho la Afrika. Kwa hiyo mwezi wa sita 2022 Burundi ilipoipokea Kamerun "nyumbani", ilipokelea Dar es Salaam, uwanja wa Mkapa, ikafungwa 1–0. Na Februari 2025, vita ilipoteremka Kivu Kusini na watu wakavuka Rusizi kwa makumi ya elfu, wengi waliwekwa kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, Cibitoke. Mmoja wa vijana wa ndege ana shangazi yake aliyelala pale. Alipokwenda kumtazama alihesabu mbayuwayu kwenye mwamba wa goli, kama kawaida yake, akaandika kwenye daftari la kijani: kumi na wanne, wa kuja.

Aliporudi ligalani akawasomea. Fundi wa redio akataka kujua goli lenyewe lilikuwa la upande gani, la mtoni au la barabarani, na ubishi ukaanza upya.