Mnara wa Coffey

Ukiinusa: vanila, maganda ya tofaa, halafu kile kichomo cha pombe changa. Mdomoni ni tamu, nyepesi, inapotea haraka. Wiski ya Ireland, bei ya chini kabisa kwenye rafu. Ndiyo niliyoweza.

Wepesi huo una kisa. Mwaka 1830 Aeneas Coffey, aliyewahi kuwa mkubwa wa ushuru wa pombe Ireland, alipata hataza ya mtambo wa mnara. Chungu cha shaba hujazwa, huchemshwa, humwagwa, kisha unaanza upya. Mnara hausimami. Wakubwa wa Dublin wakaukataa: eti kinachotoka humo hakina ladha, si wiski. Waskoti wakauchukua, wakachanganya, wakauzia dunia. Vita na marufuku ya Marekani vilichangia pia, lakini kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 kisiwa kizima kilibaki na viwanda viwili, Midleton na Bushmills.

Na chupa za bei hii? Nyingi ni mchanganyiko, na sehemu kubwa hutoka kwenye minara. Sheria inadai miaka mitatu tu kwenye pipa.

Nikatia tone la maji. Kichomo kikatulia, tofaa likabaki.