Daniel Adongo: Kutoka Raga hadi Futiboli ya Kimarekani, 2013–2015

Hapa Burundi tunapozungumzia mwanamichezo aliyehama mchezo wake, jina la kwanza kutajwa huwa Vénuste Niyongabo. Alijulikana kwa mbio za mita 1500, lakini katika Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996 alimwachia Dieudonné Kwizera nafasi ya mbio hizo, yeye akaingia mita 5000, ambazo kabla ya hapo alikuwa amezikimbia mara mbili tu katika mashindano. Akapata dhahabu, na nchi yetu ilikuwa ikishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza. Kisa hiki tumesimuliwa tangu utotoni, na nadhani kimetuzoesha vibaya. Kimetufanya tuamini kwamba mwenye kipaji akihama, kipaji humfuata kama kivuli. Tunasahau kwamba Niyongabo alihama kutoka mizunguko mitatu na robo tatu hadi kumi na miwili na nusu. Uwanja ulikuwa uleule, na kanuni zilezile.

Insha hii inamhusu Mwafrika Mashariki aliyehama mbali zaidi na ambaye hakupata dhahabu. Daniel Adongo alizaliwa Nairobi mwezi Oktoba 1989, akawa mchezaji wa raga wa kulipwa, na mwaka 2013 akasaini mkataba na Indianapolis Colts, timu ya ligi kuu ya futiboli ya Marekani, NFL. Akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Mwaka 2015 timu ikamwacha. Anayemtaja leo humtaja kwa namna moja kati ya mbili: ama ni ajabu iliyotokea, ama ni nafasi iliyopotea. Hoja yangu ni kwamba namna zote mbili zinasahau tarehe.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Bujumbura ukisema mpira au futiboli, kila mtu anafikiria soka. Raga wengi wetu tunaijua kwa kuiona kwenye televisheni, hasa Wafaransa wanapocheza. Futiboli ya Kimarekani hata kwenye televisheni ni nadra. Hata hivyo michezo hii miwili ni ndugu. Raga ilikomaa katika shule za Uingereza katika karne ya 19, ikavuka bahari, na wanafunzi wa vyuo vya Marekani wakaanza kuibadilisha. Mwaka 1874 chuo cha Harvard kilicheza na McGill ya Kanada kwa kanuni zilizokaribia raga. Kuanzia 1880 Walter Camp alisukuma mabadiliko yaliyouzaa mchezo mpya: timu moja kumiliki mpira bila kugombaniwa mwanzoni mwa kila zamu, kisha idadi maalumu ya zamu za kusonga mbele. Mwaka 1906 ikaruhusiwa kuurusha mpira mbele, jambo ambalo katika raga ni kosa mpaka leo.

Raga yenyewe nayo ilikuwa imepasuka. Tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli moja ya mji wa Huddersfield, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga kwa sababu ya pesa. Wachezaji wao walikuwa wafanyakazi wa migodi na viwanda, waliopoteza ujira wa siku wakienda kucheza, na klabu zilitaka kuwafidia. Wakubwa wa London walikataa. Ndipo zikawapo raga mbili, ya yunioni na ya ligi, na kwa miaka mia moja aliyetoka yunioni kwenda kulipwa kwenye ligi alifungiwa mlango wa kurudi. Mkenya mmoja aliuvuka mpaka huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Edward Rombo, aliyekuwa ameichezea Kenya raga ya yunioni, alikwenda Leeds kucheza ya ligi. Baadaye akarudi na kuongoza shirikisho la raga ya ligi la Kenya. Yunioni ilikubali malipo mwezi Agosti 1995 tu. Namtaja Rombo kwa sababu alihama kwa adhabu inayojulikana, lakini kule alikokwenda alikuta mchezo alioujua nusu: wachezaji 13 badala ya 15, mpira unakimbizwa vilevile na kupasiwa nyuma vilevile.

Adongo alikua baada ya malipo kuruhusiwa. Hakuhitaji kuiba njia ili alipwe. Raga yake ya kulipwa ilimpeleka Afrika Kusini, kisha New Zealand kwa timu ya Counties Manukau, kisha Afrika Kusini tena. Mwaka 2013 alikuwa na Southern Kings ya Port Elizabeth, mwaka wa kwanza wa timu hiyo katika Super Rugby. Alikuwa na urefu wa karibu mita 1.96 na uzito uliozidi kilo 115, akacheza safu za mbele: wale wanaosukuma katika skramu na kurukia mpira unaporushwa kutoka pembeni. Jambo lililowavutia Wamarekani ni kwamba mtu wa mwili huo alikuwa anakimbia kama wa nyuma.

Mwishoni mwa Julai 2013 Colts walimsaini. Hakuwahi kucheza mechi hata moja ya futiboli ya Kimarekani. Naomba msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu tarehe hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Kambi za NFL huanza mwishoni mwa Julai na msimu huanza Septemba. Kila timu huanza kambi na wachezaji 90 na mwisho wa Agosti hubaki na 53. Wale 37 wanaoondolewa wengi wao wamecheza mchezo huo tangu sekondari, halafu miaka mitatu au minne chuo kikuu. Adongo alikuwa na wiki tano.

Akapewa nafasi ya ulinzi ambayo Waingereza huiita linebacker, na Kiswahili bado hakijaipatia jina. Ni mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya kwanza au pembeni mwake. Kazi yake, kwa ufupi, ni kusoma. Kabla mpira haujatolewa anatazama wapinzani walivyopangwa, anasikia maagizo, anakumbuka ukurasa gani wa kitabu cha mipango unahusika, na mpira ukitoka ana muda usiofika sekunde mbili kuamua kama ni wa kukimbizwa au wa kurushwa. Katika raga dakika 80 zinatiririka, na mchezaji hujifunza kuamua akiwa mbioni. Akikosea, mchezo unaendelea na anaweza kujirekebisha. Katika futiboli ya Kimarekani mchezo husimama kila baada ya sekunde chache, kila kipande kimechorwa kabla, na kosa moja hutosha kumpa mpinzani pointi sita.

Kuna pia suala la kuzuiwa. Katika raga ni haramu kumzuia mtu asiye na mpira. Mwanaraga hukimbia kumfuata mwenye mpira akijua kwamba njia yake inalindwa na sheria. Katika mchezo wa pili, kumzuia asiye na mpira ndiyo kazi halali ya nusu ya uwanja. Mtu aliyecheza raga tangu ujana anabeba mwilini imani kwamba hakuna atakayemgonga kutoka pembeni. Imani hiyo haiondolewi kwa maelezo ya ubaoni. Inahitaji miezi ya kugongwa.

Kwa hiyo Colts walimweka kwanza kwenye kikosi cha mazoezi, ambacho mwaka 2013 kilikuwa na watu wanane: wanafanya mazoezi na timu, hawachezi mechi. Hapo alikaa sehemu kubwa ya msimu. Tarehe 1 Desemba 2013, nyumbani Indianapolis dhidi ya Tennessee Titans, aliingia uwanjani. Colts walishinda 22 kwa 14. Hakucheza kama mlinzi wa kawaida. Alitumiwa katika vikosi maalumu, vile vinavyoingia wakati wa kupiga mpira kwa mguu. Wengine wamelidharau jambo hilo. Mimi naona makocha walielewa walichokuwa nacho. Mpira unapopigwa mbali, watu hukimbia uwanja mzima ulio wazi, wanakwepa, wanamwangusha aliyeudaka. Sehemu hiyo ya mchezo ndiyo iliyobaki kufanana na raga.

Baada ya hapo habari inakuwa fupi. Alicheza mechi chache, majeraha yakamrudisha nyuma, na mwaka 2015 mkataba ukakoma. Hakuwahi kuwa mlinzi wa kudumu.

Je, alishindwa? Nilipoanza kuandika nilidhani jibu ni ndiyo, na kwamba kazi yangu ingekuwa kueleza sababu. Kilichonibadilisha ni kumlinganisha na waliomfuata. Mwaka 2017 NFL ilianzisha mpango rasmi wa kuwapokea wachezaji kutoka nchi nyingine. Wanaochaguliwa hufundishwa kwa wiki kadhaa kabla ya kambi, na timu inayomchukua mmoja wao hupewa nafasi ya ziada katika kikosi cha mazoezi, ili asigombanie nafasi na Mmarekani aliyezaliwa na mchezo. Christian Wade, mkimbiaji wa pembeni wa Wasps aliyewahi kuichezea Uingereza, alipita katika mpango huo mwaka 2019 akaenda Buffalo Bills. Mara ya kwanza kupewa mpira, katika mechi ya majaribio dhidi ya Colts walewale, alikimbia yadi 65 mpaka mwisho wa uwanja. Dunia nzima ya raga ilishangilia. Lakini katika miaka yake yote Buffalo hakucheza mechi hata moja ya msimu wenyewe. Louis Rees-Zammit, nyota wa Wales, aliacha raga Januari 2024, akapita mpango huohuo, akawa na timu mbili, na mwaka 2025 akarudi kwenye raga bila kucheza mechi ya msimu.

Adongo, bila mpango wowote, alicheza.

Upande wa pili yupo Jordan Mailata. Alikuwa kijana wa raga ya ligi mjini Sydney, akapita katika mpango na kuchukuliwa na Philadelphia Eagles mwaka 2018 akiwa na miaka 21. Misimu miwili ya kwanza hakugusa mechi hata moja. Timu ikangoja. Msimu wa tatu akaanza kucheza, na mwezi Februari 2025 akashinda ubingwa wa Super Bowl. Anayetaka kusema kwamba mtu wa raga hawezi kujifunza mchezo ule atamkuta Mailata njiani. Lakini tuhesabu: misimu miwili ya kungojwa, baada ya mafunzo ya maandalizi. Adongo msimu wake mzima wa kwanza, pamoja na maandalizi, haukufika miezi sita, na tayari alikuwa ameshacheza.

Mwaka 2020 jina lake lilirudi kwenye simu za watu kwa njia ya video, akiwa nyumbani Kenya katika hali iliyowahuzunisha wengi. Sitaieleza hapa. Wapo walioitumia kama sura ya mwisho ya maisha yake ya uwanjani, kana kwamba yaliyotokea Indianapolis mwaka 2013 yanaweza kusomwa kwa picha ya miaka saba baadaye. Mwanahistoria akifanya hivyo anakuwa ameandika mwisho kwanza, halafu anatafuta mwanzo unaoufaa. Mtu aliye hai hana sura ya mwisho.

Mwaka 2022 NFL ilifanya kambi yake ya kwanza ya kutafuta vipaji Afrika, nchini Ghana. Mwaka uliofuata ikaja Nairobi. Vijana walipimwa urefu na uzito, wakakimbizwa huku makocha wakishika saa, na waliofaa wakaelezwa hatua inayofuata ni ipi. Ilikuwa imepita miaka kumi tangu kijana wa mji huohuo afike Indianapolis zikiwa zimebaki wiki tano msimu kuanza.