Inchi Moja Chini ya Mustang

Ukitaja Mustang ya miaka ya sitini, watu huuliza injini kwanza. Ni V8? Ina nguvu za farasi ngapi? Miguu ya mbele haina mtu wa kuiulizia, na huko ndiko kuna stori.

Ford walizindua Mustang tarehe 17 Aprili 1964, New York. Bei ilianzia dola 2,368, na ndani ya mwaka mmoja walikuwa wameuza zaidi ya magari 400,000. Nguo ilikuwa mpya, lakini mifupa ilikuwa ya Falcon, gari la familia la bei nafuu.

Mifupa hiyo ilishafika kwetu. Wiki tatu hivi kabla ya uzinduzi, Pasaka ya 1964, Kenya ikiwa na uhuru wa miezi mitatu na kidogo, Mercury Comet zilikuwa zinagaragazwa kwenye matope ya East African Safari. Comet ni ndugu wa damu wa Falcon. Bill Stroppe wa California alikuwa amezitayarisha, na V8 ndani. Nyingi hazikumaliza. Ushindi ulienda kwa Ford nyingine, Cortina GT ndogo ya Peter Hughes. Kumbe nguvu peke yake haitoshi.

Huko Marekani, somo lilikuja kwenye lami. Kila gurudumu la mbele la Mustang limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na springi imekalia mkono wa juu. Ukiingia kona kwa kasi, gari linalala upande, na gurudumu la nje linalala nalo. Tairi linabaki limeshika lami kwa ukingo tu. Unakata usukani, lakini pua inataka kwenda mbele.

Dawa ilitoka kwa Klaus Arning, injinia wa Ford aliyepiga hesabu za mikono hiyo. Toboa matundu mapya, ushushe mkono wa juu inchi moja. Basi. Springi ikibonyea, mkono sasa unavuta kichwa cha gurudumu ndani, na tairi linakanyaga lami kwa upana wake. Carroll Shelby aliiweka dawa hiyo kwenye GT350 ya 1965, na mwaka huo huo gari likachukua ubingwa wa B-Production wa SCCA. Lakini kutoboa ni kazi ya mkono, na kazi ya mkono ni pesa. Kwenye modeli ya 1966 wakaiacha njiani, kupunguza gharama.

Leo mafundi wanaofufua Mustang bado wanairudia. Wanabana springi kwa uangalifu, maana ikifyatuka inaweza kuua. Wanabadilisha bushi na boljointi, wanatoboa, kisha wanapanga magurudumu upya. Wengi wao huiita Shelby drop. Jina la Arning wanalijua wachache, vile tu dereva hupigwa picha kwenye jukwaa na fundi anabaki chini ya gari.

Siku ukipata Mustang ya zamani boneti ikiwa wazi, usikodolee injini pekee. Angalia pembeni, penye bolti za mkono wa juu. Ukiona matundu mawili matupu juu yake, Arning alipita hapo.