Sikio la Mkalimani: Kamusi za Awali za Kiarabu, Kifarsi na Kituruki Barani Ulaya

Historia ya kamusi hizi aghalabu huanzwa mjini Leiden, kwa kamusi ya Kiarabu na Kilatini ya Jacobus Golius iliyochapishwa mwaka 1653. Ni kazi kubwa bila shaka. Lakini yafaa ieleweke kwamba Golius aliichota kwa wingi kutoka kwa Waarabu wenyewe, hasa Sihah ya al-Jawhari na Qamus ya al-Firuzabadi. Kiarabu chake ni cha vitabuni. Ingawa aliwahi kufika Aleppo, sauti ya sokoni haisikiki humo.

Mtangulizi wake, mtawa Pedro de Alcalá, hutajwa kwa haraka. Kamusi yake ya Kihispania na Kiarabu ilitoka Granada mwaka 1505, ikiwa chombo cha mapadri cha kuwageuza dini Waislamu ambao mji wao ulikuwa umetekwa mwaka 1492. Nia hiyo haitupendezi. Hata hivyo, alikiandika Kiarabu kwa herufi za Kilatini kama alivyokisikia, na kwa sababu hiyo leo ni shahidi mkubwa wa lahaja iliyokwisha kufa.

Aliyeunganisha njia hizo mbili ni Franciscus Meninski, mzaliwa wa Lorraine, ambaye mwaka 1653 alifika Istanbul pamoja na balozi wa Poland, kisha akawa mkalimani. Katika kamusi yake kuu, iliyotoka Vienna mwaka 1680, alimtegemea Golius kwa Kiarabu. Lakini kando ya hati za Kiarabu aliweka matamshi kwa herufi za Kilatini. Jambo hili si dogo. Katika maandishi ya Kiosmani, *oldu* (akawa) na *öldü* (akafa) huandikwa sawasawa. Sisi tunaosoma miswada ya tenzi twaijua adha hiyo: *choma* na *chuma* hutofautishwa na muktadha tu.

Mwaka 1683 Waturuki waliizingira Vienna. Mizinga yao ikaichoma nyumba ya Meninski pamoja na nakala nyingi za kamusi hiyo ya lugha yao. Zilizosalia zilimfaa John Richardson, ambaye kuanzia mwaka 1777 alitoa huko Oxford kamusi ya Kifarsi, Kiarabu na Kiingereza. Waingereza wa Bara Hindi walihitaji Kifarsi cha utawala. Kituruki, ambacho Meninski alikisikiliza kwa makini kuliko vyote, kikaachwa nje.