Kutoka Siri ya Jeshi hadi Picha ya Mkononi: Historia Fupi ya Kujua Mahali kwa Setilaiti, 1957–2015

Makala haya yanachunguza namna maarifa ya mahali yalivyohama kutoka mikononi mwa jeshi la Marekani hadi kwenye simu ya mtu wa kawaida. Aghalabu historia ya vyombo husimuliwa kama msururu wa uvumbuzi, kana kwamba kila chombo kilizaa kingine. Hoja ya makala haya ni kwamba, tangu mwanzo, usahihi wa mahali ulikuwa pia suala la mamlaka: nani aruhusiwe kujua alipo, na nani ajulikane alipo bila ridhaa yake.

Tarehe 4 Oktoba 1957, Muungano wa Kisovieti ulirusha Sputnik. Huko Marekani, William Guier na George Weiffenbach wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walibaini kuwa masafa ya mawimbi yake ya redio yalibadilika kadiri chombo kilivyokaribia na kutokomea, wakaweza kukokotoa njia yake angani. Mwaka 1958 mwenzao Frank McClure aligeuza swali. Ikiwa mtu aliye ardhini aweza kujua setilaiti ilipo, basi akiijua njia ya setilaiti aweza kujua yeye mwenyewe alipo. Kutokana na wazo hilo ulizaliwa mfumo wa Transit, uliokusudiwa kuziongoza nyambizi zilizobeba makombora ya Polaris. Kwa hiyo, mlezi wa kwanza wa elimu hii alikuwa vita baridi.

Mfumo wa GPS uliidhinishwa mwaka 1973, setilaiti yake ya kwanza ikarushwa mwaka 1978, nao ukatangazwa kukamilika mwaka 1995. Kila setilaiti huzunguka katika kimo cha takriban kilomita 20,200 ikiwa na saa ya atomiki, na hutangaza wakati wake bila kukoma. Kifaa cha mkononi hupima ucheleweshaji wa mawimbi kutoka setilaiti nne au zaidi, kisha hukokotoa mahali kilipo. Kwa kuwa mawimbi husafiri takriban mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, kosa dogo la saa hutosha kumpeleka mtu mtaa wa pili.

Tarehe 1 Septemba 1983, ndege ya abiria ya Korea Kusini iliyopotea njia ilitunguliwa na jeshi la Kisovieti, wakafa watu wote 269. Baada ya maafa hayo serikali ya Rais Reagan iliahidi kuufungua mfumo kwa matumizi ya kiraia. Hata hivyo, raia walipewa mawimbi yaliyopunguzwa usahihi kwa makusudi, hata kosa likafikia takriban mita 100. Hali hiyo ilikoma usiku wa tarehe 1 Mei 2000 kwa uamuzi wa Rais Clinton. Vifaa vilikuwa vilevile na setilaiti zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni amri.

Amri hiyo ndiyo iliyowezesha yaliyofuata. Kanuni ya kuhifadhi taarifa za picha iitwayo Exif, iliyoanzia Japani mwaka 1995, ilikuja kuwa na nafasi ya kuandika majiranukta ya mahali picha ilipopigwa. Simu janja zilipoanza kubeba vipokezi vya GPS, kama iPhone 3G ya mwaka 2008, kamera na dira vilikutana katika chombo kimoja.

Afrika Mashariki iliuonja upande wenye heri wa mabadiliko hayo. Mwishoni mwa mwaka 2009, katika mtaa wa Kibera jijini Nairobi, ambao katika ramani nyingi ulikuwa kama uwanja mtupu, vijana wakazi walipita vichochoroni na vifaa vya GPS wakiandika visima, vyoo, shule na zahanati. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walichora kata zinazokumbwa na mafuriko. Mtaa usiokuwamo ramanini ni rahisi kusahauliwa bajeti inapopangwa; ulioandikwa na wenyewe una hoja ya kuweka mezani.

Lakini majiranukta hayachagui wa kumtumikia. Mwezi Desemba 2012, mfanyabiashara John McAfee, aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize kwa mahojiano, alifichuka kuwa yuko Guatemala kwa sababu picha yake iliyochapishwa ilibeba taarifa za mahali. Vivyo hivyo, picha ya faru yenye majiranukta yaweza kumwelekeza jangili.

Kwa muhtasari, zamani mamlaka ilikuwa ya anayemiliki setilaiti; sasa sehemu yake i mikononi mwa anayebonyeza kitufe. Aliyejiandika ramanini kwa hiari amepata sauti. Aliyeandikwa bila kujua amepoteza maficho yake. Tofauti kati ya wawili hao haimo katika kifaa, imo katika ridhaa, na hapo ndipo sera za nchi zetu zinapopaswa kuelekezwa.