Chama cha Tatu katika Chaguzi za Unguja na Pemba, 1957–1963

Yasemwa kwamba penye majimbo yanayochagua mjumbe mmoja mmoja, naye akashinda aliyewapita wenzake kwa kura, vyama huelekea kuwa viwili, na cha tatu hunyauka. Mambo yaliyotokea Zanzibar kabla ya uhuru yaonyesha kwamba chama cha tatu chaweza kuwa kidogo na bado kikashika ulimi wa mizani, maadamu wafuasi wake wamekaa mahali pamoja.

Katika uchaguzi wa kwanza, Julai 1957, viti vya kugombewa vilikuwa 6 tu, na Hizbu haikupata hata kimoja. (Jina hili lastahili kuangaliwa: kwa Kiarabu hizb ni chama chochote, bali Waswahili walilifanya jina la chama kimoja, kana kwamba vingine havikuwa vyama.) Upande wa pili walisimama Afro-Shirazi, waliounganisha Waafrika wenye asili ya bara na Washirazi. Muungano huo haukuwa na nguvu sawa visiwani kote. Pemba mikarafuu ilimilikiwa na Washirazi wengi pamoja na Waarabu, na chuki iliyokuwako Unguja haikuwa na mizizi ileile huko. Hivyo mwishoni mwa 1959 Mohamed Shamte na wenzake walijitenga wakaunda chama cha ZPPP.

Januari 1961 viti vilikuwa 22. Afro-Shirazi walipata 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Jimbo la Chake Chake, Afro-Shirazi walilitwaa kwa kura 1. Sasa wote wakawatazama wale watatu, nao hawakuweza kukaa pamoja: Shamte na Bakari Mohamed waliegemea Hizbu, Ali Sharif akarudi kwa Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11, wala serikali ya kudumu haikuweza kuundwa. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa chama kilichopasuka siku ileile kilipohitajiwa.

Kikaongezwa kiti cha 23, uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Juni. Safari hii Hizbu na ZPPP waliafikiana kuachiana majimbo. Matokeo yalikuwa 10, 10 na 3. Afro-Shirazi, waliopata karibu nusu ya kura zote, wakabaki nje, na Shamte, mkuu wa chama chenye wajumbe 3, akawa Waziri Kiongozi. Hizbu walijua kwamba kumpa cheo mshirika mdogo ni rahisi kuliko kumpoteza. Fujo zilizozuka wakati wa uchaguzi huo ziliua watu 68, wengi wao Waarabu.

Julai 1963 viti vilikuwa 31. Afro-Shirazi walipata kura zaidi ya 54 katika kila 100, lakini viti 13 tu, kwa kuwa kura zao zilirundikana katika majimbo waliyoyashinda kwa wingi mno. Hizbu walipata 12 na ZPPP 6. Kwa hesabu ya majimbo serikali ilikuwa halali. Kwa hesabu ya vichwa, wengi waliopiga kura hawakuichagua. Ndiyo serikali iliyopokea uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Shamte akiwa Waziri Mkuu, na ndiyo iliyopinduliwa tarehe 12 Januari 1964, baada ya siku 33.